Yai la Kichocho Likikwama kwenye Ini

Nilifanya kazi ya maabara hapa Mwanza hadi nikastaafu, na sasa naishi Kirumba, karibu na soko la mwaloni. Yai la kichocho cha tumbo nalitambua mara moja kwenye darubini kwa mwiba wake wa ubavuni. Lililotoka na choo halinitishi. Linalonitisha ni lililobaki mwilini.

Minyoo wa kichocho hicho huishi wawiliwawili katika mishipa ya damu ya utumbo, na jike hutaga mayai kama 300 kwa siku. Mengi hukosa njia ya kutokea. Damu huyasomba hadi kwenye ini, yakakwama. Hapo yai hutoa kemikali zake, seli nyeupe hulizingira, na pale panavimba. Seli zilizosongamana zinahitaji hewa na chakula, hivyo hutoa protini ziitwazo VEGF. Ya kwanza kati ya hizo ilielezwa na Harold Dvorak na wenzake, Marekani, mwaka 1983. Mshipa wa jirani ukipata ujumbe wa protini hiyo huchipua vishipa vipya kuelekea kwenye uvimbe, kama marando ya viazi. Nduguye, VEGF-C, huotesha mishipa ya limfu, ambayo huondoa maji na seli palipovimba.

Kidonda cha kawaida hupona, na vishipa vya ziada hunyauka. Kwenye ini mayai mapya huja kila siku, mwaka baada ya mwaka, na mwili haupumziki. Kovu gumu huota kuzunguka mishipa, damu inashindwa kupita, bandama inavimba, mishipa ya umio inatanuka kwa shinikizo. Ikipasuka, mtu anatapika damu. Ndugu wanasema karogwa. Vijana wavuvi wa dagaa hupelekwa kwa mganga kwanza, hospitali ya Bugando baadaye, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, lakini haing'oi kovu kubwa lililokwisha kuota. Watoto hugawiwa dawa hiyo shuleni. Baba yao anayeosha nyavu ufukweni husahaulika, naye ndiye aliyeishi na mayai muda mrefu zaidi.

Mvuvi, nawe mama unayesimama majini kupokea dagaa, nendeni mkapime choo hata kama hamuumwi. Ukiambiwa bandama imevimba, omba upigwe ultrasaundi ya ini mapema, kabla hujatapika damu.