Muziki wa Ayalandi: mkuu wa polisi wa Chicago aliyekusanya nyimbo za kwao

Mwaka 1867, meli moja kwa jina Minnehaha ilivunjika kwenye kisiwa cha Baker, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kati ya mabaharia waliookolewa na meli ndogo ya Zoe alikuwemo kijana wa Ayalandi, Francis O'Neill, ambaye hakuwa bado amefikisha miaka 20. Chakula kilikuwa haba. Baharia mmoja, mzaliwa wa visiwa vya Pasifiki, alikuwa na filimbi. O'Neill aliiomba, akapiga nyimbo za ngoma za kwao. Mwenye filimbi alipendezwa hadi akawa anamgawia chakula chake kila siku. Walipofika Honolulu, karibu wenzake wote walipelekwa hospitali. Yeye alikuwa bado na nguvu.

Sisi Wakongomani tunawajua Waayalandi kwa njia nyingine. Walikuja hapa na kofia za Umoja wa Mataifa kati ya 1960 na 1964. Tisa waliuawa Niemba, huko Tanganyika, mwezi Novemba 1960, na mwaka uliofuata kikosi chao kilizingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Lakini muziki wao umetembea mbali zaidi kuliko askari wao, na sababu yake ya kwanza ni njaa. Kuanzia 1845 viazi vilioza mashambani, watu karibu milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Waliobaki waliendelea kuondoka miaka mingi baadaye, O'Neill akiwa mmoja wao.

Aliingia polisi ya Chicago mwaka 1873 na haukupita muda mrefu akapigwa risasi na mwizi. Risasi hiyo ilibaki mwilini mwake maisha yote. Mwaka 1901 alifanywa mkuu wa polisi wa mji mzima, kazi aliyoifanya hadi 1905.

Chicago ilikuwa na kitu ambacho Ayalandi yenyewe haikuwa nacho. Kule nyumbani, mpiga fidla wa Kerry angeweza kuzeeka bila kukutana na mwenzake wa Donegal. Ugenini walikaa mtaa mmoja. O'Neill aliwafuata nyumbani kwao na kazini, akisikiliza na kushika nyimbo kichwani, maana kuandika noti hakukuwa kazi yake. Aliyeandika ni askari mwenzake, James O'Neill. Inasemekana mwanamuziki mzuri aliyefika kutoka Ayalandi hakuchelewa kupata kazi ya polisi, na hilo si gumu kuamini. Mwaka 1903 kilitoka kitabu chenye nyimbo 1,850, na mwaka 1907 kingine chenye nyimbo 1,001 za kuchezea. Hadi leo, hata ndani ya Ayalandi, wapigaji wanakifungua hicho cha pili wakitaka kuhakikisha wimbo.

Baadaye zikaja diski. Michael Coleman, mpiga fidla wa kaunti ya Sligo, alihamia Marekani mwaka 1914, na kuanzia 1921 alirekodi diski huko New York. Diski hizo zilivuka bahari na kurudi vijijini. Watu walizipenda mno, na hapo ndipo penye uchungu: vijana waliacha namna ya kupiga ya babu zao, wakaiga ya Coleman. Mitindo ya sehemu nyingine ilififia. Muziki uliookolewa ugenini ulirudi nyumbani ukasukuma pembeni ule uliobaki.

Hadithi hii si ngeni kwetu. Miaka ya 1930, diski za Kuba zenye alama G.V. zilifika Kongo, na wazee wetu wakasikia ndani yake kitu cha kwao. Waliovusha ngoma zile walikuwa wamefungwa minyororo, na hilo haliwezi kulinganishwa na safari ya mhamiaji, hata mwenye njaa. Ila sisi tulibahatika: badala ya kuiga tu, tulipachika magitaa yetu na Kilingala chetu, ikawa rumba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2021.

Leo muziki wa Ayalandi hupigwa zaidi kwenye nganda, wapigaji wakizunguka meza moja, bila jukwaa. Wimbo wa kawaida una sehemu mbili fupi, kila moja hurudiwa. Wakiuzungusha mara tatu hivi, mmoja anainua macho, na wote wanaruka kuingia wimbo mwingine bila kusimama. Hakuna karatasi ya noti mezani. Asiyeujua wimbo ananyamaza na kusikiliza, hata kama fidla yake ni ya bei kali.

Hakuna anayeulizwa pasipoti pia. Liz Carroll alizaliwa Chicago mwaka 1956, na mwaka 1975 alivuka bahari akashinda ubingwa wa fidla wa Ayalandi nzima. Yeye alikuwa bado na wazazi Waayalandi. Wajapani wanaopiga nyimbo hizohizo Tokyo hawana hata bibi mmoja wa Sligo, na wanazipiga vizuri.