Tabibu aliyejificha kwenye hadithi za wanyama

Nilikuwa namtafuta kima. Wengi tuliokulia pwani tunakijua kisa chake: papa anamrubuni ampande mgongoni, na wakifika katikati ya bahari anamweleza kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anajibu kwamba moyo wake kauacha nyumbani, juu ya mti. Nilitaka kujua kisa hiki kilipita wapi kabla ya kufika kwa bibi zetu, nikajikuta kwenye Kalila na Dimna, kitabu cha hadithi za wanyama, ambamo papa ni kobe. Lakini sikumfikia kima upesi. Mwanzoni mwa kitabu, kabla simba na mbweha hawajafungua vinywa, ameketi daktari, naye ana mengi ya kusema.

Jina lake Burzoy. Alikuwa tabibu katika zama za Khosrow wa Kwanza, yule Anushirvan wa masimulizi, aliyetawala Iran kuanzia mwaka 531 hadi 579. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyevileta visa hivyo kutoka India na kuviandika kwa Kipahlavi, lugha ya Waajemi kabla ya Uislamu. Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyesilimu, akavigeuza Kiarabu katika karne ya 8. Kitabu cha Kipahlavi kimepotea. Daktari akabaki, akizungumza Kiarabu.

Anaanza kama mgeni anayejitambulisha barazani. Baba yake askari, mama yake mtoto wa nyumba kubwa ya makuhani wa Kimajusi. Alipotimiza miaka 7 akapelekwa kwa mwalimu, na alipokwisha kujua kusoma na kuandika akauchagua utabibu. Alipoanza kutibu na kuona mkono wake umepata uzoefu, akaiweka nafsi yake kitako na kuihoji: unataka nini katika kazi hii? Mali, starehe, sifa, au thawabu ya akhera? Anasema vitabu vya utabibu alivyosoma vilimfundisha kwamba tabibu bora ni yule anayeitaka hiyo ya nne, na kwamba hatakosa riziki kwa sababu hiyo. Mkulima hupanda nafaka kwa ajili ya nafaka, majani yakajiotea yenyewe.

Basi akatibu bila ujira. Hapa nilisoma mara tatu. Anawataja wagonjwa wa aina mbili: wale aliotumaini watapona, na wale ambao hakuwa na tumaini nao ila aliona anaweza kuwapunguzia maumivu. Wote aliwahangaikia sawa. Aliyeweza kumuuguza mwenyewe alimuuguza. Asiyeweza, alimwelekeza la kufanya na kumpa dawa. Hakumwonea kijicho tabibu mwenzake aliyemzidi mali hali hamfikii kwa elimu. (Nafsi, anakiri, haikunyamaza. Ilikuwa ikimkumbusha akina fulani na nyumba zao.)

Kisha anafika mahali ambapo sikutarajia daktari wa zama zozote afike. Anasema ameutazama utabibu na kuona hauwezi kumpa mgonjwa dawa itakayoukata ugonjwa moja kwa moja, usirudi tena wala usifuatiwe na mwingine mzito zaidi. Leo umeponya, kesho homa imebisha hodi. Akaiacha dawa, akaenda kutafuta tiba kwenye dini. Akawauliza wanazuoni wa kila upande, akamkuta kila mmoja anaisifu ya kwake na kuiponda ya mwenzake. Anayeamini asilolijua, anasema, ni kama yule mwizi wa darini: mwenye nyumba, akijua anasikilizwa, alimwambia mkewe kwamba zamani alipokuwa mwizi alikuwa akitamka neno fulani mara saba, akaukumbatia mwanga wa mbalamwezi na kuteremka nao. Mwizi naye akatamka, akaukumbatia mwanga, akaanguka kwa kichwa.

Kinachonifanya nimwamini ni jinsi anavyoutazama mwili. Anamweleza mtoto tumboni hatua kwa hatua: maji ya mwanamume yanachanganyika na ya mwanamke, yanakuwa mazito, upepo unayasukasuka hadi yanaganda kama maziwa mtindi, kisha viungo vinagawanyika kwa siku zake. Mtoto amekunjwa, mikono mashavuni, kidevu magotini, kafungwa kama aliyetiwa mfukoni, pumzi yake ya shida. Akizaliwa, hewa au mkono ukimgusa, anaumia kuliko aliyechunwa ngozi. Anayeandika hivi amewahi kusimama karibu na kitanda cha uzazi, au amesoma vitabu vya aliyesimama.

Halafu kuna kisima. Mtu amemkimbia tembo mwenye hasira, akaning'inia kisimani kwa matawi mawili. Chini joka limeachama. Panya wawili, mweupe na mweusi, wanayatafuna matawi. Karibu yake pana mzinga; anaonja asali na kusahau yote. Kisa hiki kimezunguka dunia, na kila mhubiri ameshika lake. Mimi nilisimama penye miguu ya yule mtu, kwa maana imekanyaga nyoka wanne waliotoa vichwa kwenye mashimo yao. Burzoy anafasiri mwenyewe: panya ni mchana na usiku, joka ni mauti, na nyoka wanne ni michanganyiko minne ya mwilini. Mmoja wao akichafuka, ni sumu. Yaani katikati ya mawaidha, daktari amelichomeka somo lake. Kwa Galen wa Kiyunani uwiano wa michanganyiko hiyo ndio afya. Kwa huyu Mwajemi tumesimama juu yake, na inauma.

Baada ya hapo barabara ya utabibu kutoka Iran hadi vitabu vya Kiarabu inajulikana. Mwaka 765 Khalifa al-Mansur, tumbo likimsumbua, alimwita Baghdad Jurjis wa ukoo wa Bukhtishu, mganga mkuu wa hospitali ya Jundishapur huko Khuzestan, na ukoo huo wa Wakristo ukawatibu makhalifa kwa vizazi. Ali ibn Rabban al-Tabari alimaliza Firdaws al-Hikma mwaka 850, mwishoni akaongeza sehemu nzima ya utabibu wa Kihindi. Al-Razi, mzaliwa wa Ray, anawanukuu katika al-Hawi watu anaowaita "al-Khuz", yaani wa Khuzestan, bila kutuambia ni akina nani. Na mwandishi wa Kitab al-Malaki, kitabu kilichosomwa hadi Ulaya kabla Qanun ya Ibn Sina haijakifunika, aliitwa al-Majusi. Mwislamu, lakini jina la dini ya wazee wake halikumtoka.

Pengine Iran ya kale ilibaki zaidi kwenye majina kuliko kwenye mafundisho. Hospitali katika vitabu vya Kiarabu ni bimaristan: bimar ni mgonjwa, stan ni mahali. Julab, shira ya sukari waliyoiandika matabibu kila ukurasa, ni gul na ab, waridi na maji. Sikanjabin ni siki na asali. Wairani hadi leo wanaitengeneza wakati wa joto, wakachovya majani ya saladi. Na mdalasini uliomo kwenye pilau yako umepitia darsini ya Waarabu, iliyotokana na dar chini ya Waajemi: mti wa China.

Hapa kuna la kutatiza. Hospitali ya Jundishapur inasifiwa mno, lakini sifa nyingi ziliandikwa karne kadhaa baadaye, na wanahistoria wa leo wanabishana ilikuwa kubwa kiasi gani, au kama ilikuwa chuo hata kidogo. Vitabu vya utabibu vya Kipahlavi ambavyo Burzoy anasema alivisoma havipo. Na Burzoy mwenyewe? Al-Biruni, katika kitabu chake juu ya India, anamtuhumu Ibn al-Muqaffa kwamba mlango huu wa Burzoy aliuongeza yeye, ili awatie shaka wenye imani dhaifu na kuwavuta kwenye dini ya Mani. Ikiwa ni kweli, daktari wangu hakuwahi kumgusa mgonjwa hata mmoja. Ni vazi la mwandishi wa Basra.

Siwezi kuamua. Kila nikikaribia kukubaliana na al-Biruni, namkumbuka yule mgonjwa asiye na tumaini anayepunguziwa maumivu, na nafsi inayohesabu nyumba za madaktari wengine. Mtu aliyetaka kuvunja imani za watu angehitaji kweli kujua hayo?

Nimerudi kuusoma mlango wote kwa jicho la muuza dawa, nikitafuta mzizi mmoja, jani moja, kipimo kimoja alichowapa wagonjwa wake. Hakutaja hata kimoja. Anamalizia kwa kusema alikwenda India, akanakili vitabu vingi, kikiwemo hiki, akarudi kwao.