Uso Haumo: Rekodi za Waliopendwa kwa Mishororo 14

Ukiwapanga wapenzi mashuhuri wa soneti kwa idadi ya mashairi waliyoandikiwa, Laura wa Petrarca anakaa mbele na wengine wanafuata kwa mbali. Diwani ya Francesco Petrarca, mshairi wa Italia aliyefariki mwaka 1374, ina mashairi 366. Kati ya hayo 317 ni soneti, lile shairi la mishororo 14 lililozaliwa Sisilia katika karne ya 13, kwenye baraza la mfalme Frederick II, na nyingi mno zinamzunguka mwanamke mmoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, Petrarca alimwona mara ya kwanza asubuhi ya tarehe 6 Aprili 1327, katika kanisa la Mtakatifu Clara mjini Avignon. Laura akafa tarehe 6 Aprili 1348, mwaka wa tauni kuu, saa ileile ya asubuhi. Habari hizo Petrarca aliziandika kwa mkono wake ndani ya nakala yake ya Virgil, na nakala hiyo ipo Milano hadi leo.

Haya, mtafute sasa huyo Laura humo ndani ya diwani. Utakuta nywele za dhahabu zinazochezewa na upepo. Utakuta macho, mkono mweupe, shela, na hata glavu ambayo mshairi aliishika kwa muda, ikamlazimu kuirudisha. Vyote ni vya mtu mmoja, ila mtu mwenyewe hakamiliki. Mchoraji hakukosekana, tena mkubwa: Simone Martini alichora sura ya Laura, na Petrarca akamshukuru kwa soneti mbili. Picha imepotea. Soneti zipo, nazo zinatueleza kwamba fundi yule bila shaka alifika peponi kuipata sura hiyo. Jinsi sura yenyewe ilivyokuwa, hazisemi. Mwenzake mmoja, Askofu Giacomo Colonna, alimtania Petrarca kwamba Laura ni wa kubuni, na ikabidi mshairi ajitetee kwa barua.

Hata ile tarehe ina walakini. Soneti inadai kwamba siku ya kuonana ilikuwa Ijumaa Kuu, siku dunia ilipokuwa kwenye maombolezo. Kalenda inakataa: Ijumaa Kuu ya mwaka 1327 ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mtu aliyeweza kuihamisha Ijumaa Kuu ili mapenzi yake yapate mahali pazuri pa kuanzia, zitamshinda nywele za mtu?

Basi orodha hii ina kanuni yake, nami naitaja mapema ili tusiitafute njiani: sifa zinapozidi, uso hupungua. Rekodi nyingi zinazofuata zinaithibitisha. Zile zinazoivunja ndizo ninazozipenda.

Beatrice wa Dante ana rekodi ya kuonekana kidogo na kuacha alama kubwa. Katika kitabu ambacho Dante alikusanya soneti zake za ujana, tunaambiwa kwamba alimwona wakiwa watoto wa takriban miaka tisa, naye kavaa nyekundu. Miaka tisa baadaye akamwona tena, naye kavaa nyeupe, ndipo akasalimiwa. Rangi za nguo tumepewa. Rangi ya macho hatukupewa humo. Beatrice anaongoza pia kwa kufichwa, kwa sababu Dante alijifanya anampenda mwanamke mwingine ili watu wasimjue wake wa kweli, akamwandikia huyo mwingine mashairi, akaigiza vizuri hata umbea ukaenea mjini na Beatrice akamnyima salamu. Sijui mshairi mwingine aliyejichongea kwa ustadi kiasi hicho.

Asiyejulikana kuliko wote

Soneti 154 za William Shakespeare zilichapishwa London mwaka 1609 na Thomas Thorpe. Zile 126 za mwanzo kwa kawaida husomwa kama zinamhusu kijana wa kiume mwenye uzuri na nasaba. Kumi na saba za kwanza zinambembeleza aoe, azae, ili sura yake ipate pa kuhamia. Kisha mshairi anabadilisha dawa: mtoto si lazima tena, wino utatosha. Katika soneti ya 81 anafika mbali zaidi na kuahidi kwamba jina la kijana huyo litaishi milele.

Jina hilo halimo. Halimo katika soneti ya 81 wala katika nyingine yoyote. Ukurasa wa tabaruku una herufi mbili tu, W. H., na juu ya herufi hizo wasomi wamejenga mtaa mzima. Wapo wanaosema ni William Herbert, Earl wa Pembroke, maana herufi zinakubali. Wapo wanaosema ni Henry Wriothesley, Earl wa Southampton, maana herufi zinakubali ukizigeuza. Mwaka 1889 Oscar Wilde alitoa hadithi iliyomzungumzia mwigizaji mdogo aitwaye Willie Hughes, ambaye hakuna rekodi ya kuthibitisha kwamba aliwahi kupumua. Urefu wa kijana yule wa soneti, sauti yake, namna alivyocheka, hakuna hata kimoja tulichoachiwa. Ahadi kubwa kuliko zote katika historia ya soneti ndiyo iliyotimizwa kidogo kuliko zote, na mtoa ahadi ndiye jina lake linalojulikana na kila mwanafunzi.

Mwanamke wa soneti za 127 hadi 152 naye hana jina, lakini angalau ana rangi: macho meusi, nywele nyeusi, ngozi isiyo ya maziwa. Katika soneti ya 130 Shakespeare anazichukua tashbihi zote za wafuasi wa Petrarca, jua, matumbawe, theluji, waridi, na kukana moja baada ya nyingine kwamba zinamfaa. Watu huiita kashfa. Mimi naiona kama mahali pa kwanza katika kitabu kile ambapo mtu anatembea kwa miguu yake juu ya ardhi.

Aliyegeuzwa jinsia

Michelangelo, yule mchongaji, alikutana na kijana wa Roma, Tommaso de' Cavalieri, mwaka 1532. Alikuwa na miaka 57. Alimtumia michoro, akamtumia na soneti, na urafiki wao ulidumu hadi Michelangelo alipofariki mwaka 1564, Cavalieri akiwa karibu naye. Mwaka 1623 mjukuu wa ndugu yake, aliyekuwa na jina hilohilo la Michelangelo, aliyachapisha mashairi. Kiitaliano hakifichi jinsia kama Kiswahili kinavyoificha, basi mhariri huyo akayapitia na kuyarekebisha ili aliyependwa aonekane mwanamke. Cavalieri akakaa katika nguo za kike kwa miaka 240, hadi Cesare Guasti alipotoa matini kutoka kwenye miswada mwaka 1863.

Uingereza nako John Benson, aliyezichapa upya soneti za Shakespeare mwaka 1640, alibadilisha jinsia ya mpendwa katika chache kati yake. Ajabu ni kwamba mabadiliko yenyewe yalihitaji kazi ndogo sana. Ukiweza kumgeuza mpendwa kuwa mke kwa kugusa maneno machache na shairi likasimama imara, ina maana shairi hilo halikumshika sana tangu mwanzo. Vasari, mwandishi wa wasifu wake, anasema Michelangelo alimchora Cavalieri kwa ukubwa wake halisi. Picha hiyo nayo imepotea, na sasa nashuku kuna mtu anazikusanya.

Walioingia kwa mlango wa jina

Njia ya kawaida ya kumtaja mpendwa bila kumtaja ni kucheza na jina lake. Msikilizaji wa taarabu hatashangaa. Huku kwetu ua, tunda na njiwa wamebeba siri za watu kwa muda mrefu. Petrarca alimficha Laura ndani ya mti wa mlaureli na ndani ya upepo. Michelangelo alijiita mateka wa shujaa mpanda farasi, maana ndilo jina la ukoo wa Cavalieri. Bingwa wa mchezo huu, kwa maoni yangu, ni Philip Sidney. Stella wake, wa soneti 108 zilizoanza kuchapishwa 1591, anahusishwa na Penelope Devereux, aliyeolewa na bwana aitwaye Rich, maana yake tajiri. Sidney aliligeuza jina hilo la mume kuwa kitendawili kikali hata soneti ya 37 ikaachwa nje ya chapa za kwanza. Anampa Stella pia macho meusi, nayo hayakuwa ya kawaida katika soko lile la macho ya samawati.

John Berryman wa Marekani alikuwa na njia fupi zaidi: soneti alizoandika mwaka 1947 zilipotoka mwaka 1967, mpendwa wake Chris alikuwa ameshakuwa Lise.

Waliopewa kazi na ulimi

Sasa wavunja kanuni. Edmund Spenser alimwoa Elizabeth Boyle tarehe 11 Juni 1594, na mwaka uliofuata akachapisha soneti 89 zinazoelekea kwenye harusi hiyo. Kumaliza kwa ndoa ni nadra katika fani inayoishi kwa kukataliwa. Nadra zaidi ni kwamba Elizabeth anajibu. Mshairi akiandika jina lake mchangani, yeye ndiye anayemwambia kwamba anajisumbua bure. Anatarizi kitambaa, akajifananisha na nyuki na kumfanya mchumba wake buibui. Kwa mara moja tunajua mtu huyu angesema nini tukikutana naye.

Tuzo ya kazi ya mikono inakwenda kwa Juana, dobi wa mto Manzanares mjini Madrid. Lope de Vega alimwandikia mwaka 1634, mwaka mmoja kabla ya kufa, akijificha nyuma ya mshairi maskini wa kubuni aitwaye Tomé de Burguillos. Ni mzaha dhidi ya mabibi wasioguswa wa Petrarca, lakini ndani ya mzaha huo kuna maji ya kweli na nguo za kufua. Hélène wa Ronsard hakupata heshima hiyo: alikuwa mwanamke wa kasri la Ufaransa, na kinachokumbukwa zaidi ni jinsi Ronsard, mwenyewe kashazeeka, alivyomtisha kwa uzee wake ujao.

Wanawake waliposhika kalamu, nilitarajia wanaume waonekane vizuri zaidi. Haikuwa hivyo. Louise Labé wa Lyon, katika soneti zake 24 za mwaka 1555, anauliza ni urefu gani, nywele gani, rangi gani inayomfanya mwanamume apendeke, kisha hajibu. Swali hilo peke yake linawatosha washairi wote waliomtangulia. Elizabeth Barrett, katika soneti 44 zilizoanza kutoka 1850 kwa kisingizio cha tafsiri ya Kireno, anauchora weupe wa uso wake mwenyewe kwa makini kuliko anavyomchora mpendwa wake, Robert Browning.

Aliyejaa kuliko wote ni Matilde Urrutia. Mwaka 1952 Pablo Neruda alimwandikia kitabu cha mapenzi kilichotoka Napoli bila jina la mshairi, kwa kuwa bado alikuwa na mke. Mwaka 1959 akatoa soneti 100, na neno la kwanza la soneti ya kwanza ni jina lake, Matilde. Humo mna miguu yake, nywele zake zisizotulia, udongo wa kusini mwa Chile alikotoka, mkate, jiko na mikono inayofanya kazi. Neruda alifariki Septemba 1973, siku chache baada ya mapinduzi ya kijeshi. Matilde aliishi baada yake kwa miaka zaidi ya kumi, na mwaka 1986, baada ya yeye naye kufariki, kikatoka kitabu chake mwenyewe kuhusu maisha yao. Katika orodha hii yote ndiye aliyempiku mshairi wake kwa jambo moja: safari hii anayeelezwa ni Pablo, na anayeeleza ni yeye.