Wanawake wa Masisi na Walikale wanakufa nje ya daftari

Wataalamu wa idadi ya watu wana kipimo kimoja kizito kisichotajwa sana magazetini: kati ya wasichana 1,000 waliofikisha miaka 15, ni wangapi watafariki kabla ya kutimiza 60? Huo ndio umri wa kulima, kuzaa, kulea na kuchuuza sokoni, na kifo cha mwanamke katika umri huo huacha pengo nyumba nzima. Katika kisiwa kidogo kama Morisi, ambako karibu kila kifo huandikishwa, mtu akichora kipimo hicho mwaka baada ya mwaka anachora vifo vyenyewe. Mwaka mbaya unaonekana. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ina mstari wake katika majedwali ya Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, mstari laini unaoteremka taratibu. Ulaini huo ndio unaonitia shaka. Nchi hii ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984, na vifo vingi vya vijijini havifiki katika ofisi yoyote. Mstari huo ni makadirio ya kitaalamu, na unaheshimika kama makadirio. Lakini anayeutumia kupanga huduma za Masisi na Walikale, wilaya za jimbo la Kivu Kaskazini mashariki mwa nchi, anapanga gizani, na giza hilo lina gharama yake kwa maisha ya watu.

Makadirio hayo hutegemea sana uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Mwanamke aliye hai huulizwa juu ya ndugu zake wa tumbo moja: nani yu hai, nani amefariki, na kama ni dada, je, alikuwa mjamzito, akijifungua, au ametoka kujifungua? Ni njia ya werevu kwa nchi isiyo na vyeti vya vifo, ila ina tundu pale hasa vita vinapopita. Ukoo uliokwisha wote hauna dada wa kuusemea. Isitoshe, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikadiria vifo 549 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na ule wa 2013–2014 ukakadiria 846. Je, hali iliharibika kiasi hicho kwa miaka sita au saba? Sidhani kama kuna anayeweza kuapa. Vifo vinavyotajwa katika sampuli ni vichache, kwa hiyo ukingo wa makosa ni mpana. Ikiwa taifa zima linayumba hivyo, Masisi peke yake haisomeki kabisa.

Wapo watakaosema kwamba hakuna fumbo hapa: vita ndivyo vinavyoua. Ni kweli, ila si kwa njia inayodhaniwa. Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji, IRC, ilipokadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa kupita kiasi cha kawaida kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007, ilieleza pia kwamba wengi wao waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo. Risasi na panga vilichukua sehemu ndogo. Hesabu hiyo ilipingwa vikali, na kiini cha ugomvi kinatufundisha zaidi kuliko jumla yenyewe. IRC ilichukua vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi kuwa ndiyo hali ya kawaida. Wapinzani wake wakasema Kongo ilikuwa na 2.0 hata kabla ya vita. Nusu kifo tu! Lakini katika nchi ya watu milioni 60, nusu hiyo ni watu 30,000 kila mwezi. Mamilioni ya marehemu wanatokea au kutoweka kwa sababu hakuna aliyehesabu wakati wa amani. Na katika mabishano yote hayo wanawake watu wazima hawakuonekana, maana karibu nusu ya vifo vilivyohesabiwa vilikuwa vya watoto chini ya miaka mitano.

Sasa tazama ardhi yenyewe. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu sawa na Rwanda nzima, na sehemu kubwa ni msitu. Masisi ni ndogo zaidi, lakini ni milima na matope. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kwa tipoyi, machela inayobebwa mabegani mwa wanaume wanaopokezana, saa mbili hazivuki hata bonde moja wakati wa mvua, sembuse kizuizi cha wenye silaha. Na huko anakopelekwa, oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Friji isiyo na umeme inaiharibu kimyakimya. Vidonge vya misoprostoli havihitaji friji, hivyo vinafaa zaidi kwa kituo cha afya cha ndani kabisa, japo haviwezi kuchukua nafasi ya damu wala ya upasuaji. Ndiyo maana katika hospitali kuu ya Masisi, inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007, kiliwekwa kijiji cha mapokezi ambamo wajawazito walio hatarini husubiri siku zao karibu na chumba cha upasuaji. Ni jibu la busara: mama anasafiri angali na nguvu. Lakini humfaa yule aliyejulikana mapema kuwa hatarini, na kuvuja damu mara nyingi humkumba ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Tena tusisahau kwamba wanawake hawafi kwa uzazi pekee. Kifua kikuu, malaria, saratani ya shingo ya kizazi na presha ya damu haviingii katika ripoti za uzazi, na mara nyingi haviingii popote.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kuhesabu vifo hivi ni hii: fedha ni chache, basi zinunue damu na dawa, si madaftari. Ningeikubali kama daftari la hospitali lingetosha kutuelekeza. Halitoshi, tena linapotosha. Hospitali ikiboreka, wagonjwa mahututi wengi zaidi huifikia, na vifo vilivyoandikwa huongezeka. Njia ikifungwa, wodi hutulia na ripoti hupendeza. Mwanamke aliyefia njiani hayumo kabisa. Aliyefia nyumbani kwa kukosa nauli ya pikipiki anahitaji dawa tofauti na aliyefika akakuta hakuna damu, na bila kujua ni wangapi wa kila aina, hata hizo fedha chache zinatumiwa kwa kubahatisha.

Je, kuhesabu huko kunawezekana vitani? Mji wa Masisi ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, kisha Goma, makao ya idara ya afya ya jimbo, mwezi huohuo; Walikale ulitekwa Machi, na waasi wakaondoka mapema Aprili. Ripoti inayosubiri njia moja ya kiserikali itakwama. Lakini IRC ilipima vifo katika nchi hiihii vita vikiendelea, na njia ya kuwauliza jamaa dalili za marehemu ili kukadiria sababu ya kifo imekwisha kutumika katika nchi nyingi zisizo na madaktari wa kutosha. Reko, wale wahudumu wa afya wa jamii, pamoja na wakunga na makanisa, wanajua nani amezikwa wiki hii. Maswali manne yanatosha kuanzia: umri, kama alikuwa mjamzito au hajamaliza siku 42 tangu kujifungua, dalili zilizomchukua, na alifia wapi. Hofu ya kweli ni kwamba orodha ya kijiji ikishikwa na wenye silaha itageuka hatari kwa walio hai. Kwa hiyo jina la marehemu lisiandikwe, wala la mtoa habari. Ziandikwe tarakimu tu, kwa nakala mbili, moja ibaki kituoni na nyingine iende na gari lolote la dawa litakalopata njia, bila kujali barabara hiyo inashikiliwa na nani.