NFL: Kwa nini Machi ni mwezi wa hesabu na machozi

MASHABIKI wa kandanda hawajasahau ile siku ya Agosti 2021 ambapo Lionel Messi alijifuta machozi mbele ya wanahabari akiiaga Barcelona. Klabu ilisema inamtaka, naye alisema anataka kubaki. Kilichowatenganisha ni kanuni za ligi ya Uhispania kuhusu kiasi ambacho klabu inaruhusiwa kutumia kulipa wachezaji. Wengi waliona ajabu kwamba daftari la mhasibu linaweza kumng'oa mchezaji bora duniani katika klabu iliyomlea tangu utotoni.

Kwa wafuasi wa futiboli ya Marekani, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai na kofia ngumu, jambo hilo si la ajabu hata kidogo. Huko hutokea kila mwaka. (Wasomaji wetu huenda waliukaribia mchezo huo mwaka 2013, Mkenya Daniel Adongo alipotoka katika raga na kujiunga na Indianapolis Colts.) Kila Machi, majuma machache baada ya fainali ya Super Bowl, klabu 32 za ligi ya NFL huketi kupiga hesabu. Mikataba ya mamia ya wachezaji huwa imefika ukingoni na wenyewe huingia sokoni wakiwa huru. Wengine, ambao mikataba yao ingali na miaka miwili au mitatu, hupigiwa simu na kuambiwa kwamba hawahitajiki tena.

Kiini cha haya yote ni kikomo cha mishahara. Ligi hutangaza kila mwaka kiasi cha juu ambacho klabu yoyote inaweza kuandika katika vitabu vyake kuwa malipo ya wachezaji, na kiasi hicho ni kimoja kwa wote. Green Bay, mji wa watu takriban 100,000 tu katika jimbo la Wisconsin, una kikomo sawa na cha klabu za New York. Kilipoanza kutumika mwaka 1994 kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2.

Si wema wa matajiri uliokileta. Zamani mchezaji wa NFL aliyemaliza mkataba hakuwa na uhuru wa kwenda apendako. Klabu yake ilikuwa na njia za kumzuia. Wachezaji walikwenda mahakamani, na mwaka 1992 baraza la mahakama mjini Minneapolis liliamua kwamba vizuizi hivyo vilivunja sheria za ushindani wa kibiashara. Mwaka uliofuata pande mbili ziliafikiana: wachezaji wakapata uhuru wa kuhama, wamiliki wakapata kikomo. Reggie White, mlinzi aliyekuwa Philadelphia, akawa miongoni mwa nyota wa kwanza kunufaika alipohamia Green Bay mwaka huo huo wa 1993. Kwa hivyo uhuru na kikomo ni mapacha, na anayeusifu mmoja hana budi kumtaja na mwenzake.

Kikomo hukokotolewa kutokana na mapato ya ligi, hasa haki za televisheni. Chini ya makubaliano ya mwaka 2020, wachezaji hupata angalau asilimia 48 ya mapato hayo. Mapato yakipanda, kikomo hupanda, yakishuka, hushuka. Janga la corona lilipoacha viwanja vitupu, kikomo kilianguka kutoka dola milioni 198.2 mwaka 2020 hadi milioni 182.5 mwaka 2021.

Tena kikomo hiki ni kigumu. Katika besiboli klabu tajiri huweza kuvuka kiwango kilichowekwa na kulipa ushuru. Katika NFL hakuna mlango huo. Mwaka mpya wa ligi huanza katikati ya Machi, saa kumi jioni kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa tano usiku. Dakika hiyo ikifika, mikataba 51 mikubwa zaidi ya kila klabu, pamoja na madeni yake ya zamani, lazima iwe imetoshea chini ya dari. Wanaojaribu hila huadhibiwa: San Francisco na Denver zilitozwa faini na kunyang'anywa nafasi za kuteua chipukizi kwa makosa ya miaka ya 1990.

Hapo msomaji atauliza: ikiwa dari ni gumu kiasi hicho, inakuwaje klabu fulani zikusanye nyota watano au sita kwa wakati mmoja?

Jibu ni kwamba fedha zinazolipwa na fedha zinazoandikwa ni vitu viwili tofauti. Tuchukue mfano. Mchezaji anatia saini mkataba wa miaka mitano na kupewa papo hapo bonasi ya dola milioni 25. Mshahara wake wa mwaka wa kwanza ni milioni 2. Mfukoni ameingiza milioni 27. Lakini kanuni zinaruhusu bonasi ya kutia saini igawanywe kwa miaka ya mkataba, isipite mitano, kwa hivyo kitabuni anaandikwa milioni 7 tu: mshahara wake pamoja na sehemu moja ya tano ya bonasi. Milioni 20 zilizobaki zinasubiri miaka ijayo.

Zinasubiri, hazijafutika. Klabu ikimwachisha baada ya miaka miwili, zile milioni 15 ambazo hazijaandikwa huporomoka zote kwa pamoja juu ya kitabu cha mwaka huo. Wenyewe huziita fedha mfu, kwa kuwa zinachukua nafasi ya mtu ambaye hayupo tena uwanjani. Upo unafuu kidogo. Akiachishwa baada ya Juni 1, sehemu ya mwaka huo peke yake ndiyo huhesabiwa sasa na nyingine husukumwa hadi mwaka unaofuata. Na kila klabu inaruhusiwa kuwapa wachezaji wawili hadhi hiyo hata ikiwaachisha Machi.

Chombo kikubwa zaidi cha meneja ni kufumua mkataba na kuushona upya. Tuseme mchezaji anadai mshahara wa dola milioni 21 mwaka huu, naye amebakiwa na miaka minne. Klabu inamwachia milioni 1 kama mshahara, karibu na kima cha chini cha ligi, na kumlipa milioni 20 mara moja kwa jina la bonasi. Milioni 20 zikigawanywa kwa miaka minne ni milioni 5 kila mwaka. Badala ya 21, kitabu cha mwaka huu kinaonyesha milioni 6, na nafasi ya milioni 15 imepatikana bila mtu kupunguziwa hata senti. Mchezaji hana sababu ya kulalama, kwani amepewa mapema kile ambacho angekisubiri hadi msimu uanze.

Na iwapo miaka ya mkataba haitoshi kugawia bonasi? Huongezwa miaka hewa. Sisi tunaowajua wafanyakazi hewa katika orodha za mishahara ya serikali hatutahitaji maelezo marefu. Ni miaka iliyoandikwa katika mkataba huku pande zote zikijua kwamba mchezaji hatakuwapo. Kazi yake ni kubeba deni tu.

Hakuna walioutumia ustadi huu kama New Orleans Saints. Mapema mwaka 2021, kikomo kiliposhuka, ilikadiriwa kwamba klabu hiyo ilikuwa imepita dari kwa takriban dola milioni 100. Meneja mkuu Mickey Loomis na wasaidizi wake walifumua mkataba mmoja baada ya mwingine. Drew Brees, kwotabeki aliyeiongoza klabu tangu 2006, yaani yule mchezaji anayepanga mashambulizi na kurusha mpira, alikubali mshahara wake wa dola milioni 25 upunguzwe hadi milioni 1.075, kisha akastaafu Machi. Hata baada ya kustaafu aliendelea kuandikwa. Zaidi ya dola milioni 22 za bonasi zake za zamani zilibaki kitabuni, nusu mwaka 2021 na nusu 2022, wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kuvua jezi.

Saa ya mwisho ilipogonga, Saints walikuwa chini ya dari. Wengi walipiga makofi. Lakini Wahenga hawakukosea waliposema kukopa harusi, kulipa matanga. Trey Hendrickson, aliyekuwa amewaangusha makwotabeki wa wapinzani zaidi ya mara 13 msimu uliotangulia, alitoka sokoni na mkataba wa Cincinnati wenye thamani ya dola milioni 60, kwa kuwa New Orleans haikuwa na nafasi ya kumlipa. Mwaka 2024 aliongoza ligi nzima katika kazi hiyo. Saints nao, waliofika awamu ya mtoano msimu wa 2020, hawakufika tena katika misimu minne iliyofuata. Walimsajili kwotabeki Derek Carr mwaka 2023 kwa mkataba wa dola milioni 150; Machi 2025 mkataba huo ukafumuliwa kwa mara nyingine ili nafasi ipatikane, na Mei akastaafu kwa jeraha la bega.

Wapo wanaoamua kulipa deni kwa mkupuo. Denver Broncos walimpa Russell Wilson mkataba wa dola milioni 245 mwaka 2022 kabla hajawachezea hata mechi moja ya ligi. Mambo yalipokwenda mrama walimwachisha Machi 2024 na kubeba dola milioni 85 za fedha mfu, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana, wakizigawa kwa miaka miwili: milioni 53 kwanza, kisha milioni 32. Nafasi yake wakampa chipukizi Bo Nix, na msimu huo huo wakafuzu kwa awamu ya mtoano. Kansas City nao walimfunga Patrick Mahomes kwa miaka 10 na dola milioni 450 mwaka 2020. Mshambulizi wao wa kasi, Tyreek Hill, alipotaka malipo ya kilele Machi 2022, walimuuza Miami, ambako alipewa dola milioni 120 kwa miaka minne. Walitwaa Super Bowl Februari 2023 na tena Februari 2024.

Katika simulizi hizi majina makubwa ndiyo yanayosikika. Kwa maoni yangu, wanaoulipia mfumo huu kwa hakika ni wale wa katikati, na sababu imo ndani ya hesabu zenyewe. Kadiri mkataba wa nyota unavyofumuliwa, ndivyo deni lake linavyokua, na ndivyo inavyokuwa ghali kumwachisha. Deni linakuwa ngao. Mchezaji wa miaka 29 anayepokea dola milioni 7 au 8, ambaye bonasi yake imekwisha kuandikwa yote, hana ngao hiyo. Mikataba mingi ya NFL haihakikishiwi hadi mwisho. Akiondolewa leo, karibu mshahara wake wote unageuka nafasi, na pahali pake huchukuliwa na kijana wa miaka 22 kutoka chuo kikuu, ambaye malipo yake ya miaka minne yamepangwa kwa viwango vya chini tangu makubaliano ya 2011.

Ndivyo ilivyokuwa kule New Orleans. Mikataba ya vigogo iliposhonwa upya, miongoni mwa waliotolewa alikuwamo Thomas Morstead, mpigaji mateke aliyekuwa pale tangu 2009 na aliyeupiga ule mpira mfupi uliowashtua Indianapolis mwanzoni mwa kipindi cha pili cha fainali ya Februari 2010, ambayo Saints walishinda. Kwon Alexander, aliyekuwa akiuguza jeraha, aliachishwa Machi. Kabla ya msimu kuanza akarudishwa katika klabu ile ile kwa mkataba wa mwaka mmoja na malipo ya chini mno.

Nyota pia wana kero yao. Klabu inaweza kumpiga muhuri mchezaji mmoja anayemaliza mkataba na kumzuia kuingia sokoni kwa mwaka mmoja zaidi, ikimlipa kwa kawaida wastani wa mishahara mitano mikubwa ya nafasi anayocheza. Fedha ni nono, lakini kesho haina dhamana katika mchezo ambao goti moja likivunjika riziki imekatika. Le'Veon Bell wa Pittsburgh aligoma msimu mzima wa 2018 na kuacha dola milioni 14.5 mezani. Kirk Cousins alichagua subira: alipigwa muhuri na Washington mwaka 2016 na 2017, akapokea karibu dola milioni 44 kwa miaka hiyo miwili, kisha akahamia Minnesota kwa mkataba wa dola milioni 84 uliohakikishwa wote, jambo lililokuwa nadra wakati huo.

Basi msomaji anayefuatilia habari hizi Machi asidanganywe na tarakimu za kwanza. Siku zile zile Brees alipokuwa akistaafu, Saints walitangaza mkataba mpya wa Taysom Hill: miaka minne, dola milioni 140. Ulimwengu wa michezo ulishtuka, maana hakuwa hata kwotabeki wa kudumu. Miaka yote minne ilikuwa hewa, na hakuna aliyekusudia kulipa milioni hizo 140. Mkataba uliandikwa ili nafasi ya dola milioni chache ipatikane kabla ya saa kumi jioni ya siku iliyowekwa. La kutazama ni kiasi kilichohakikishwa, na kingalipo kitabuni mwaka gani.