Wakili wa Mirathi na Swali Lake la Kwanza

Msiba ukiisha, benki ndiyo huwazindua wengi. Mjane anafika na kadi ya marehemu pamoja na cheti cha kifo kutoka RITA, anaambiwa alete hati ya usimamizi wa mirathi. Nchini Tanzania kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi tu. Anayemteua ni mahakama. Hapo ndugu huanza kuulizana nani anamfahamu wakili.

Wakili anayeijua mirathi hutambulika mapema. Kabla hajauliza nyumba ina thamani gani, huuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani: dini yake, ndoa aliifungaje, mila za kwao alizifuata au aliachana nazo, na makazi yake ya kudumu yalikuwa wapi. Si umbea huo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayoongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu, tena ya marehemu aliyekuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Mkristo aliyeishi mbali na mila za ukoo wake, mirathi yake ina mahakama nyingine. Shauri likifunguliwa pasipostahili, laweza kubatilishwa miaka kadhaa baadaye, wakati shamba limeshauzwa na mnunuzi ameshapaua.

Hadi mwaka 2021 mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Sheria ikarekebishwa, na sasa wanaingia pale anapokaa hakimu mkazi. Wazee wanaosema Mwanzo hapahitaji wakili hawajakosea sana: nyumba moja, akaunti moja na ndugu wanaoelewana, familia yaweza kufungua shauri yenyewe. Ada ya wakili ina maana likiwekwa pingamizi, wosia ukitiliwa shaka, akijitokeza mtoto ambaye ukoo haumtambui, au marehemu akiwa ameacha hisa kwenye kampuni.

Kumpata si kazi. Kazi ni kuwakwepa vishoka. Hawa huzunguka karibu na mahakama wakiwa na suti, faili kwapani na mhuri mfukoni, na wengine huzungumza sheria vizuri kuliko mawakili wenyewe. Dawa yao ni mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, ambako mtu yeyote huhakiki kama aliye mbele yake ni wakili kweli na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Asiye na fedha ana njia kupitia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, iliyowatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko mitaani na vijijini. Dar es Salaam kipo Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachoshughulikia ndoa na mirathi, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu chini ya paa moja.

Anayetaka alipwe kwa kumegewa kiwanja cha marehemu, heri aachwe. Ada iandikwe, na iandikwe inaishia wapi. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ana miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. VI. Wasimamizi wengi hupotelea hapo, fedha za benki zikishatoka, na warithi hugundua kwamba wakili waliyemlipa alikubaliana nao kuhusu hati tu, si hesabu wala kufunga shauri.