Tukirudi Chovae, tutakunywa maji gani?

Mwezi huu, kwenye foleni ya mfereji, kina mama wa Kibajuni walituuliza swali: "Siku tukirudi kwetu Chovae, si tutiwe pampu na mabomba kama hapa, tupumzike na ndoo?" Tumeliuliza huku na huku, na jibu lake linahusu afya ya watoto wetu.

Hapa Dadaab, visima vimechimbwa kwenda chini zaidi ya mita 100. Pampu husukuma maji mpaka kwenye matangi, na sisi tunayapata mferejini. Kwetu si hivyo. Chovae, kati ya Koyama na Chula, hakuna mto. Chini ni jiwe la matumbawe, lina matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji baridi huzama humo na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi.

Wataalamu wana hesabu yao. Kila shibiri moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kama shibiri 40 chini yake. Ukiteka kwa ndoo, kidogo kidogo, kisima hakidhuriki. Ukitia pampu kubwa, ile shibiri ya juu hupungua, na chumvi ya chini hupanda. Mashine inayotunywesha hapa, kule itatunywesha bahari.

La pili ni choo, na hili tusione haya kulisema. Hapa shimo likiwa refu, maji bado yako mbali sana chini. Kisiwani ukichimba kidogo tu unakuta maji. Uchafu wa choo chako hupita kwenye nyufa za mawe mpaka kisima cha jirani. Kanuni ya mashirika ni kwamba choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 juu ya maji. Lakini kwenye jiwe lenye nyufa hata mita 30 hazitoshi. Kipindupindu tunakijua. Kilituingilia humu kambini mwishoni mwa 2015, na hatutaki kukibeba kwenda nacho nyumbani.

Basi tufanyeje? Si sisi tu wenye ardhi ngumu. Huko Alaska, Marekani, ardhi ya chini imeganda barafu mwaka mzima. Bomba likizikwa hupasuka, au joto lake huyeyusha udongo na nyumba ikainama. Kwa hiyo vijiji vingine hupitisha mabomba juu ya ardhi, ndani ya masanduku yanayohifadhi joto, na vingine mpaka leo watu hutumia ndoo kwa choo. Walijifunza kuifuata ardhi yao, nasi tuifuate yetu.

Karibu na sisi, ndugu zetu Wabajuni wa upande wa Kenya, kama Faza na Kiunga, wana jabia. Ni sakafu pana ya saruji iliyoinama kidogo, maji ya mvua yakatiririka mpaka kwenye tangi lililochimbwa chini na kufunikwa. Mwaka 2018, Kiunga ilipata pia mtambo wa nguvu za jua unaotoa chumvi kwenye maji. Mtambo ni neema, lakini unataka fundi na vipuri. Jabia inataka ufagio, ua wa kuzuia mbuzi, na watu wanaoelewana.

Kwa hiyo, wale mnaofikiria kurudi, siku mtakapoulizwa na mashirika mnataka nini, msiseme "maji" tu. Semeni: jabia, mabati kwenye paa la msikiti na la shule, maana makuti huchafua maji, pampu ya mkono badala ya pampu kubwa, na choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, chenye sanduku la saruji lisilovuja. Na kabla ya kupiga jembe la choo, waulizeni wazee visima vya zamani viko wapi.

Kwa leo, tuanze na jerikeni zetu. Tuzisuguo kwa sabuni, tuzifunike, na tunawe mikono tukitoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto. Kinga ni bora kuliko tiba.